Deni la biashara: Mlango ni mahakama ya madai

Mfanyabiashara wa jumla anapotoa mzigo kwa mkopo na mnunuzi akakaa kimya, mara nyingi hukimbilia polisi. Huko huambiwa suala lake ni la madai. Wengi huishia hapo, na mtaji hupotea.

Mahakama ya madai huamua migogoro ya haki baina ya watu au kampuni: madeni, mikataba iliyovunjwa na fidia ya hasara. Haitafuti mhalifu. Mdai hufungua shauri na kulipa ada, kisha mdaiwa huitwa kujibu. Mwenye kudai ndiye anayethibitisha, lakini si kwa kiwango cha kesi ya jinai. Inatosha ushahidi wake uwe mzito kuliko wa mwenzake. Ndiyo maana ankara na hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mnunuzi zina thamani kuliko ahadi ya mdomo.

Tanzania, shauri huanzia mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliipa Mahakama ya Mwanzo madeni ya mikataba yasiyozidi Sh. 30 milioni. Kwa mashauri ya kibiashara yasiyohusu mali isiyohamishika, Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi ziliwekewa kikomo cha Sh. 70 milioni. Yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu, ambayo tangu mwaka 1999 ina Kitengo cha Biashara. Migogoro ya ajira huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ya kodi ina chombo chake. Anayekosea mlango hupoteza ada na muda.

Muda nao ni mali. Deni la mkataba lina miaka 6. Mzigo uliotakiwa kulipwa Machi 2020, kwa mfano, ukomo wake ni Machi 2026. Ukipita, mahakama hulitupa shauri hata kama mdaiwa hakulalamika, na hata kama deni ni la kweli. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini, au akilipa sehemu yake kabla ya ukomo, hesabu huanza upya. Barua fupi ya kukiri deni yaweza kuokoa mamilioni.

Hata hivyo, hukumu si fedha taslimu. Mdaiwa asipolipa, mdai hurudi mahakamani kuomba utekelezaji, na dalali wa mahakama huweza kukamata mali na kuiuza. Asiye na mali ya kukamatwa humwachia mdai karatasi tu.

Kwa hiyo usalama wa mkopo huanzia ghalani, kabla mzigo haujapakiwa: kujua mnunuzi ana nini, na kupata saini yake.