Si Kila Kuku Anayeatamia Apewe Mayai

Yeyote aliyepata kukaa katika nyumba za askari, iwe Jinja, Mbarara au Gulu, amewaona kuku wakichakura nyuma ya majiko. Kuku hao ni mali ya wake zetu kuliko yetu, maana askari huitwa zamu au safari saa yoyote, na anayebaki kuwafungia jioni ni mama watoto. Lakini hasara ikitokea ni ya nyumba nzima. Na hasara nyingi tulizoziona zilianza kwa furaha: kuku amelala kiotani, amevimbisha manyoya, amdonoa kila anayemsogelea, basi huachiwa mayai yote yaliyomo na kuombewa heri.

Kuatamia kuna bei yake. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, au zaidi kidogo, kisha huacha kutaga na kuyalalia. Siku 21 za kuatamia, pamoja na wiki nyingi za kutembea na vifaranga, hazileti yai hata moja katika sahani ya mtoto. Kwa hiyo yatupasa kuamua mapema: nyumba hii yahitaji mayai au vifaranga?

Ikiwa twataka mayai, kuku asipigwe wala kutoswa majini kama wafanyavyo wengine. Atiwe katika tundu lenye sakafu ya fito zilizoachana, liinuliwe juu ya mawe ili hewa ipite chini ya kifua chake, naye apewe chakula na maji kama kawaida. Baada ya siku 3 au 4 wengi huacha hamu ya kulalia. Anayewahiwa siku ya kwanza hurudi kutaga upesi kuliko aliyeachwa wiki nzima.

Ikiwa twataka vifaranga, achaguliwe kuku mtulivu, hasa aliyekwisha kulea. Mayai yawe ya kuku wanaotembea na jogoo, yasipite siku 10 tangu kutagwa, yasiwe na ufa wala kuoshwa, na yawe yamehifadhiwa penye ubaridi, ncha ikielekea chini. Yatosha 10 au 12. Hapa ndipo tamaa inapotuponza. Kuku huyageuza na kuyahamisha mayai yake kila siku. Yakizidi kifua chake, leo hili lapata baridi ukingoni, kesho lile. Hivyo mayai 3 ya ziada hayaharibiki peke yake, bali hudhuru na wenzake. Mayai yote yawekwe siku moja, usiku, nayo yatiwe alama ya mkaa, ili yai la kuku jirani aliyepenya kiotani litambulike na kuondolewa.

Kiota kiwe mahali penye kivuli, mbali na wanaotaga, chenye majani makavu na majivu kidogo. Utitiri ukizidi, kuku huyakimbia mayai yake. Mahindi na maji yawe karibu, kwani hutoka kwa muda mfupi tu, mara moja kwa siku.

Usiku wa siku ya 7, tochi ya lindo ipate kazi nyingine. Yai likishikwa gizani mbele ya mwanga, lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo jeupe tupu liondolewe. Kuku 2 wakiwa wameanza siku moja, mayai yaliyobaki huenda yakamtosha mmoja, na mwenziwe akarudishwa kutaga.

Siku ya 21 ikifika, tutulie. Kifaranga aweza kuchukua karibu siku nzima tangu kutoboa ganda hadi kutoka; anayembandulia ganda humtoa damu. Wala asihofiwe njaa siku hiyo, maana kiini cha yai kimo tumboni mwake.

Vita yenyewe huanza baada ya hapo. Koo hodari akiachwa atoke alfajiri, huwapitisha watoto wake katika nyasi zenye umande. Jioni huhesabiwa pungufu. Kuna baridi, mwewe, kicheche, na paka wa jirani ambaye mwenyewe huapa hali kuku. Wiki za kwanza vifaranga wafunikiwe tenga pamoja na mama yao, wapewe chenga za mahindi, dagaa waliopondwa, na kumbikumbi wakipatikana. Chombo cha maji kiwe kifupi, chenye vijiwe ndani, wasizame.

Ugonjwa wa kideri ni jambo la kambi nzima. Kuku wetu huchangamana, na anayechanja wake peke yake huwaacha wa jirani katika hatari. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Nayo haimponyi aliyekwisha ugua. Chupa moja hutosha kuku wengi, basi nyumba za safu moja zichange na kuchanja siku moja.

Limebaki neno kwa baba wa nyumba anayerudi likizo na kuagiza kuku kwa ajili ya wageni. Aliye rahisi kukamatwa ni yule aliyelala kiotani, naye ndiye hasa asiyefaa kuchinjwa. Jogoo mmoja huwatosha kuku 10. Wageni wachinjiwe jogoo wa pili.