Kasanga: Lango la Ufipa Katika Ziwa Tanganyika

Ndugu msomaji, wengi wakisikia habari za bandari hukumbuka Kilwa na Bagamoyo tu. Lakini Ufipa nayo ina mwambao wake, na historia yake ina mazingatio. Wanahistoria wa Kiislamu waliiita miji ya mipakani "thughur", yaani matundu ambayo adui au rafiki huweza kupitia. Kasanga ni tundu la namna hiyo.

Mahali ilipo

Anayetoka Kaengesa, juu ya uwanda wa Ufipa, kwenda Kasanga huteremka hadi ziwani, mita 773 kutoka usawa wa bahari. Kusini yake Mto Kalambo unaitenga Tanzania na Zambia, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Mwenye bandari hii hufikia nchi hizo kwa chombo kimoja.

Yaliyopita

Mwaka 1867 Livingstone alifika ncha ya kusini ya ziwa, akaandika kuwa wenyeji wanaiita Liemba. Mwaka huohuo Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itawa, kusini-magharibi ya ziwa, akachukua pembe na mateka. Hapa tuseme kweli: sheria imeharamisha kumuuza mtu huru, na jina la Kiislamu la mfanyabiashara halihalalishi kitendo chake.

Wajerumani walijenga ngome Kasanga, wakaiita Bismarckburg. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliizingira kwa nchi kavu, lakini vyombo vyao vya majini havikuifunga bandari. Wajerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi, na walioingia wakakuta ngome tupu.

Mafunzo yake

Funzo ni kwamba nchi kavu na maji havitenganishwi. Aliyeshika kimoja akaacha cha pili, amekosa vyote viwili. Ndivyo ilivyo katika biashara pia. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi, na barabara ya Sumbawanga–Matai–Kasanga, kiasi cha kilometa 112, ndiyo inayoyaunganisha mashamba na gati. Bandari isiyo na barabara ni ufuko wa wavuvi, na ghala lisilo na bandari humlazimisha mkulima kuuza kwa bei ya mlanguzi.

Wallahu a'lam.