Kahawa Iliyo Maua

Neno la juma hili ni la Kiingereza, "potential". Wengi tunalitamka "potensho". Katika mikutano utasikia, "Karagwe ina potensho kubwa ya kahawa," na watu wakapiga makofi. Sijui wanashangilia nini, maana neno lenyewe linasema jambo bado halijatokea.

Asili yake ni Kilatini, lenye maana ya nguvu au uwezo. Likiwa kivumishi hueleza kitu kinachoweza kuwa, ila bado hakijawa. Mteja wa namna hiyo hajatoa hata senti moja.

Sisi tunalo "mtarajiwa": bibi harusi mtarajiwa, mbunge mtarajiwa. Ni neno zuri, lakini hubeba tumaini ndani yake. Ukisema "mwizi mtarajiwa" watu watacheka. Mwingereza hutumia kivumishi kilekile kwa mteja na kwa mwizi. Sisi inatubidi tuseme "anayeweza kuwa mwizi". Mfasiri anayeandika "hatari tarajiwa" mahali pa "hatari inayoweza kutokea" anatutia hofu ya bure.

Kwa mkulima wa Kihanga, wilayani Karagwe, jambo hili linagusa mfuko. Huko, na hata Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ipo biashara iitwayo butura. Mibuni inapochanua, mwenye shamba aliyebanwa, pengine ana mgonjwa nyumbani, huuza kahawa ikali maua. Robusta huchukua miezi 9 hadi 11 tangu ua hadi tunda kuiva. Mlanguzi hulipa bei ya kitu ambacho hakijawa, halafu siku ya mavuno huja kuchukua kitu kilichokwisha kuwa. Tofauti ya bei ni yake. Serikali imeipiga marufuku biashara hii mara nyingi, lakini shida ya fedha haingoji msimu, na mizani ya chama cha msingi haipimi maua.

Basi kahawa hiyo tuiiteje? "Kahawa tarajiwa" yafaa, kwa kuwa mwenye shamba anaitarajia kweli. Ila bwana shamba anapoandika taarifa yake kwa neno hilo, aongeze palepale kwamba bado ni maua, kisha ataje idadi ya mibuni. Kilo aziache hadi gunia lipande kwenye mizani.