Tepe tano nyeusi zilizokataa kung'oka

IWAPO utabahatika, mpenzi msomaji, kumwona askari wa rejimenti ya Royal Welsh akiwa amevalia sare za gwaride, usimtazame usoni. Zunguka nyuma. Hapo kwenye kola ya koti lake utaona tepe tano nyeusi zikining'inia mgongoni. Hazifungi kitu wala hazishikilii kitu. Basi zina kazi gani?

Ili kupata jibu, yafaa turudi karne ya 18. Siku hizo wanajeshi wa Uingereza walifuga nywele ndefu, wakazifunga mkia kisogoni na kuzipaka mafuta na poda nyeupe. Ebu fikiria hali ya kola baada ya wiki moja vitani! Mnamo 1808 amri ilitolewa mikia yote ikatwe. Kikosi cha Royal Welch Fusiliers kutoka Wales, kilichoundwa 1689, kilikuwa mbali huko Nova Scotia, Kanada. Nywele zilikatwa, lakini maofisa wake walibaki na tepe za kufungia mkia ambao haukuwapo tena.

Mnamo 1834 jenerali mmoja aliyekuja kukikagua kikosi hicho hakupendezwa hata kidogo na mapambo hayo. Kesi ikafika kwa Mfalme William wa Nne, naye akaamua tepe zibaki ziwe alama ya kikosi hicho. Hata hivyo, ni maofisa tu waliozivaa. Askari wa kawaida walisubiri hadi 1900.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, wakuu wa jeshi walitaka ziondolewe wakihofia kwamba adui angewatambua waliozivaa. Inasemekana Mfalme George wa Tano alikataa, akisema adui hatawahi kuona migongo ya askari hao. Jibu tamu hilo, hasa kwa mtu aliyeketi kasri! Katika msitu wa Mametz, Ufaransa, Julai 1916, watu wapatao 4,000 wa divisheni ya Wales waliuawa, kujeruhiwa au kutoweka kwa siku chache tu.

Isitoshe, watu hawa walipigania hata herufi moja. Mnamo 1881 serikali iliamuru jina liandikwe "Welsh", kama kila mtu aandikavyo. Wenyewe waling'ang'ania "Welch", tahajia ya kale, na mnamo 1920 wakarudishiwa "c" yao rasmi.

Beberu naye? Huyo ni askari kamili mwenye namba na cheo. Mmoja wao, William Windsor, alishushwa cheo huko Cyprus mnamo Juni 2006 kwa utovu wa nidhamu kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa ya Malkia, akarudishiwa miezi mitatu baadaye.

Kikosi kingine cha Wales, South Wales Borderers, kina kumbukumbu inayotugusa sisi Waafrika. Mnamo Januari 22, 1879, wakati huo kikiitwa kikosi cha 24, kilishindwa vibaya na Wazulu wa Mfalme Cetshwayo pale Isandlwana. Maofisa wawili, Melvill na Coghill, walikufa wakijaribu kuiokoa bendera, ambayo ilipatikana baadaye katika mto Mzinyathi. Mwaka wa 1880 Malkia Victoria aliitundikia shada la maua, na tangu hapo shada la fedha hubebwa juu ya bendera ya kikosi. Shada hilo halisemi lolote kuhusu Wazulu waliofia hapo wakitetea nchi yao.

Adui mkubwa wa mila hizi, bila shaka, amekuwa kalamu ya serikali inayopunguza majeshi. Mnamo 1969 South Wales Borderers iliunganishwa na Welch Regiment. Machi 1, 2006, sikukuu ya Mtakatifu David, ambapo askari wachanga wa Wales hutafunishwa liki mbichi, muungano huo nao ukaunganishwa na Royal Welch Fusiliers. Ndipo ikazaliwa Royal Welsh.

Rejimenti mpya ilirithi beberu. Ilirithi shada la fedha. Tepe tano sasa huvaliwa hata na warithi wa vikosi ambavyo havikuwahi kuwa nazo. Lakini herufi "c", iliyolindwa kwa karibu miaka 40, haikupata nafasi katika jina hilo.