Lebo moja ya kemikali: nani anapata nafuu, nani analipa?

WAFANYABIASHARA wanaoagiza kemikali kupitia bandari ya Dar es Salaam hawana budi kuifahamu alama ya almasi nyeupe yenye ukingo mwekundu, inayobandikwa kwenye mapipa na madumu. Alama hiyo ni sehemu ya mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, unaojulikana kwa kifupi kama GHS. Asiyeufahamu anaweza kujikuta na shehena iliyolipiwa lakini haiuziki.

Chanzo cha mfumo

Kabla ya mfumo huu kila nchi ilikuwa na kipimo chake. Mfano unaotolewa mara nyingi ni wa kemikali ambayo miligramu 257 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ikimezwa, huua nusu ya panya wa majaribio. Marekani, Kanada na Japani ziliiita sumu. Nchi za Umoja wa Ulaya na Malaysia ziliiita yenye madhara tu. India haikuihesabu kuwa sumu, na China haikuiona kuwa ya hatari. Mwuzaji wa bidhaa moja alilazimika kuchapa lebo tofauti kwa kila soko, na mnunuzi hakujua aamini ipi.

Mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 ulikubaliana kuwepo mfumo mmoja, na toleo la kwanza la GHS lilichapishwa mwaka 2003. Kwa mfumo huo, kemikali ya mfano wetu inaingia daraja la tatu la sumu ya kumezwa: fuvu na mifupa, pamoja na neno "Hatari".

Alama zote ni tisa, na maneno ya kushtua ni mawili: "Hatari" kwa madhara makubwa na "Onyo" kwa yaliyo pungufu. Lebo pia hueleza madhara yenyewe, namna ya kujikinga, jina la bidhaa na anwani ya mwuzaji. Pamoja na lebo huja karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16, kuanzia huduma ya kwanza hadi usafirishaji.

Funzo kutoka Ulaya

Umoja wa Ulaya uliuingiza mfumo huu katika kanuni moja inayobana nchi zote wanachama, iliyoanza kutumika Januari 2009. Kemikali halisi zilipewa hadi Desemba 2010, na michanganyiko kama rangi na sabuni hadi Juni 2015. Michanganyiko iliyokwisha kuingia sokoni ikiwa na lebo za zamani iliruhusiwa kuuzwa hadi Juni 2017.

Kwa mwenye duka, muda huo wa kumaliza akiba ndio wenye uzito. Kanuni inayoanza ghafla humwacha mfanyabiashara mdogo na mtaji uliolala ghalani, wakati kampuni kubwa inaweza kumudu kuchapa lebo upya.

Hata hivyo mfumo haujafuta tofauti zote. Kila nchi inaruhusiwa kuchagua madaraja itakayotumia. Ulaya, kwa mfano, haikulichukua daraja la tano la sumu, lililo hafifu kuliko yote. Kwa hiyo bidhaa inaweza kuhitaji onyo katika soko moja na isihitaji katika jingine.

Hali ya ukanda wetu

Katika SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki, utekelezaji bado uko mikononi mwa sheria za kila nchi. Afrika Kusini iliuingiza mfumo katika kanuni zake za usalama kazini mwaka 2021. Tanzania ina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwaka 2023, mkutano wa Bonn uliweka lengo la serikali zote kutekeleza GHS ifikapo mwaka 2030.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye barabara ya kwenda migodini. Salfa inayoteremshwa Dar es Salaam hupita Zambia hadi Lubumbashi, ambako hutumika kutengeneza asidi ya kuyeyushia madini ya shaba. Safari hiyo moja inapita katika nchi tatu zenye sheria tatu, na huko Kongo lugha ya serikali ni Kifaransa. Picha husomeka popote, lakini maelezo ya huduma ya kwanza yanahitaji lugha ambayo dereva na kuli wanaielewa. Kiswahili, kilichokubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, kina nafasi hapo.

Anayefungasha upya

Hatari kubwa iko kwa mfanyabiashara anayenunua pipa la kostiki soda na kuligawa katika vifungashio vidogo kwa watengenezaji wa sabuni. Pipa lina alama ya kuunguza. Chupa ya maji iliyotumika tena haina kitu. Mtoto akinywa, lebo iliyobaki kwenye pipa haimsaidii. Nakala ya lebo kwenye kila chupa yenye mfuniko imara ni gharama ndogo mno kulinganisha na hasara hiyo.

Wapo wanaohofia gharama za maabara. GHS yenyewe hailazimishi majaribio mapya. Inatumia takwimu zilizopo, na mchanganyiko unaweza kuainishwa kutokana na viambato vyake.

Kwa hiyo mwagizaji adai karatasi ya usalama kabla ya kulipa, na aone kwamba jina lililomo linalingana na la ankara na la pipa. Naye mwekezaji mwenye hisa katika kiwanda cha rangi au sabuni aulize kama lebo zake zinakubalika katika nchi jirani anakouza. Jibu likiwa hapana, mauzo ya nje yaliyomo kwenye mahesabu ya kampuni yasichukuliwe kuwa ya uhakika.