Kiu Isiyokatika: Saratani ya Mapafu Inapofika kwenye Tezi ya Pituitari

Katika joto la Kilosa na Mikumi, mtu anywaye maji mengi hamshangazi yeyote. Naye akohoaye kwa miezi hushukiwa kwanza kuwa na kifua kikuu, na shaka hiyo ni ya haki, kwa kuwa maradhi hayo yangali yameenea nchini. Lakini kikohozi na kiu vikiambatana, ilhali makohozi hayaonyeshi bakteria na sukari ya damu ni ya kawaida, lipo jambo adimu la kukumbukwa: saratani ya mapafu iliyosambaa hadi kwenye tezi ya pituitari.

Tezi hiyo, yenye uzito wa nusu gramu hivi, imekaa chini ya ubongo na huongoza tezi nyingine nyingi. Saratani za matiti na mapafu ndizo zinazoifikia zaidi. Mara nyingi seli zake hutua sehemu ya nyuma, ipatayo damu moja kwa moja kutoka kwenye ateri. Humo huhifadhiwa vasopresini, homoni inayoziamuru figo kubakiza maji. Ikikosekana, mgonjwa hukojoa mkojo mwingi, mweupe kama maji, usiku na mchana.

Uvimbe ukikua hugandamiza neva za macho; mgonjwa hushindwa kuona vya pembeni, au huona kitu kimoja kuwa viwili. Hatari kubwa zaidi ni upungufu wa kotisoli: shinikizo la damu hushuka, na mgonjwa aweza kufariki upesi. Tena upungufu huo huficha wingi wa mkojo, ambao hudhihirika baada ya haidrokotizoni kuanza. Tabibu asidhani dawa imedhuru.

Kipimo cha MRI hakipatikani zahanati, lakini swali hupatikana: mgonjwa huamka mara ngapi usiku kukojoa? Picha ya eksirei ya kifua, kipimo cha sukari, na kidole kinachosogezwa pembeni mwa jicho vyatosha kumpeleka hospitali ya rufaa Morogoro, na kutoka huko Muhimbili au Ocean Road, Dar es Salaam.

Desmopresini hupunguza mkojo, haidrokotizoni huokoa uhai, na mionzi huweza kunusuru macho. Kwa kawaida matibabu haya hayaiondoi saratani iliyokwisha kusambaa, ila humrudishia mgonjwa usingizi na nguvu. Hadi afike huko, jamaa zake wasimnyime maji kwa nia ya kupunguza mkojo. Figo zitaendelea kuyatoa, naye atakauka.