Mpira wa Mkojo na Saa za Kazi

Mwenzetu akianguka kutoka jukwaa la waashi na kuumia uti wa mgongo, huenda kibofu chake kisiweze tena kutoa mkojo chenyewe. Mkojo ukikaa huleta maradhi, na ukirudi juu huharibu figo. Wanawake walioshonwa fistula (Gitega, kituo cha Urumuri kilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 2010) wengine hupatwa na shida hiyo kwa muda.

Mwaka 1972 Daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitangaza njia nyepesi: mgonjwa ajipitishie mpira mwenyewe, amwage mkojo, kisha autoe. Alisema mikono safi yatosha. Hatari kubwa ni kibofu kujaa kupita kiasi.

Muuguzi humfundisha. Kwa kawaida ni kila baada ya saa 4 hadi 6, mkojo usizidi nusu lita. Basi katika zamu ya saa 8 atakwenda chooni mara 1 au 2, dakika chache tu. Ahitaji maji, sabuni na mlango unaofungwa. Mkulima wa Mwakiro aliye mbali na bomba abebe kidumu chake.

Wengine hujinyima maji ya kunywa ili wasiombe ruhusa. Hilo ni kosa, tena huzidisha maradhi. Msimamizi anayehesabu dakika za choo aelezwe na tawi, si na mgonjwa peke yake mbele ya wenzake.